Juma la Kungoja: Shajara Kutoka Kisauni

Jumatatu

Nimetoka na mpwa wangu mapema kwenda ofisi ya chifu. Ametimiza miaka 18 na anataka kitambulisho, kwa sababu chuo kilichompa nafasi hakimsajili bila nambari hiyo. Cheti cha kuzaliwa tulikuwa nacho, nakala za vitambulisho vya wazazi tulikuwa nazo, na mzee wa mtaa alikwisha kutuandikia barua. Karani amezipitia karatasi moja moja, akasema zimetimia. Kilichobaki ni muhuri. Muhuri umefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo yuko kwenye semina Malindi hadi Alhamisi.

Nimemuuliza karani: mwenye ufunguo anaposafiri, nani hushika zamu yake? Amesema hajui, na kwamba yeye mwenyewe huona haya kuwarudisha watu. Nimemwamini. Ni kijana mwenye adabu, na foleni iliyokuwa nyuma yetu haikuwa kosa lake. Tumerudi nyumbani. Mpwa wangu ameniuliza njiani, "Mjomba, na chuo kikifunga usajili?" Sikuwa na jibu.

Kitambulisho nchini Kenya kina historia ndefu. Sheria ya kipande, kitambulisho cha enzi za ukoloni, ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alilazimika kukibeba ili akitoroka kazi ya mzungu arudishwe. Wanawake hawakuandikishwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Leo karatasi ile iliyobuniwa kumfunga mtu ndiyo inayomfungulia milango yote: benki, laini ya simu, kura, kazi, bima ya hospitali. Huku Pwani tunajua uchungu wa kuikosa. Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 kuidai, ilhali wazee wao walikuwa wameishi Kenya tangu enzi za mashamba ya mkonge. Wapemba walitambuliwa rasmi kuwa Wakenya mwaka 2023. Mwaka 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa utaratibu wa ziada wa kuwapiga msasa vijana wa kaunti za mpakani. Hizo ni hatua kubwa na nazishukuru. Lakini kila hatua ya Ikulu humfikia mwananchi kupitia meza ya ofisi kama hii ya leo, na meza hii haikuwa na mtu wa kugonga muhuri.

Jumanne

Mifereji haijatoa tone tangu juzi. Nimenunua maji ya mitungi kwa mchuuzi wa mkokoteni. Bei hupanda siku ambazo mtaa mzima umekaukiwa, na leo imepanda. Mjane wa nyumba ya nyuma, anayepika mahamri ya kuuza, amenunua nusu ya maji anayohitaji na kukanda nusu ya unga. Wateja wake waliochelewa wamekuta karai limeshateremshwa jikoni.

Nilipokuwa nikirudi kutoka msikitini nimeyaona maji. Bomba limepasuka karibu na kituo cha matatu, na maji safi yanatiririka barabarani hadi mtaroni. Vijana wa bodaboda wamesema yalianza kumwagika wiki iliyopita. Nimepiga simu nambari iliyoandikwa kwenye bili. Imeita hadi ikakatika. Nimekwenda ofisini. Wamenipa daftari niandike malalamiko, na nilipolifungua nimekuta watu kadhaa wamekwisha kuripoti bomba hilo hilo. Mkabala na majina yao pana safu ya hatua iliyochukuliwa. Safu hiyo ni tupu.

Kisiwa cha Mombasa hakina mto wa maji matamu. Maji yetu hutoka mbali: chemchemi za Mzima ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, ambazo bomba lake la zaidi ya kilomita 200 lililazwa miaka ya 1950, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na Marere katika milima ya Shimba. Bwawa la Mwache kule Kwale limo katika Ruwaza ya 2030, mpango wa taifa uliozinduliwa mwaka 2008, na ujenzi wake umesuasua kwa miaka. Kila kampeni tunaahidiwa bwawa. Hakuna anayeahidi kuziba bomba, ilhali ripoti za Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji zinaonyesha kwamba nchini kote zaidi ya lita 40 katika kila lita 100 zinazozalishwa hupotea bila kulipiwa, kwa kuvuja, kuibwa au kutopimwa. Bwawa linahitaji mkopo, mkandarasi na fidia kwa wenye mashamba. Bomba hili la kituoni linahitaji fundi, spana na mtu wa kumtuma. Maji ambayo taifa linayakopea fedha ng'ambo yanapita mbele ya mlango wangu kwenda baharini.

Jumatano

Nimevuka Likoni kumsindikiza jirani yangu, mzee aliyepita miaka 70, kwenda kufuatilia hatimiliki ya kiwanja chake katika ofisi moja ya ardhi. Feri moja ilikuwa kwenye matengenezo, na tumesimama juani na umati tukingoja. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 300,000 huvuka hapo kila siku, mkondo wa karibu nusu kilomita: wafanyakazi wa bandari, wauza samaki, wanafunzi, wagonjwa. Wakichelewa wao, mji mzima umechelewa. Watu wa rika langu hawapandi feri bila kukumbuka Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipozama ikiwa imebeba kupita kiasi na watu 272 wakafa. Kwa hiyo sikuilaumu feri kutolewa majini ili itengenezwe. Ninachouliza ni kwa nini isiwepo nyingine ya akiba, katika kivuko ambacho idadi ya abiria wake inajulikana kila asubuhi.

Ofisini tumeambiwa faili halionekani. Mzee ametoa risiti zake kwenye mfuko wa nailoni, akazipanga mezani kwa mfuatano wa miaka. Afisa amezitazama, akasema risiti ni halali lakini bila faili hawezi kufanya lolote. Turudi mwezi ujao, huenda likapatikana. Mzee ameuliza, "Mwanangu, litapatikana vipi kama hakuna anayelitafuta?" Afisa amenyamaza. Tumezikusanya karatasi.

Huku Pwani, faili kupotea ni jambo zito. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa Pwani waandikishe madai yao. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya Mwingereza. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haikuwa na karatasi, wakajikuta maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 makosa hayo hayakufutwa. Yaliongezewa mengine. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria kwa miongo, hasa nyakati za kukaribia uchaguzi. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 ilirudia kilio cha ardhi ya Pwani kwa kirefu. Zote mbili zimo kwenye maktaba. Hapo hapo Likoni, serikali ilitumia shilingi bilioni 1.1 kununua shamba la ekari 930 kwa ajili ya wakazi wake, na hatimiliki zikaanza kutolewa Januari 2016. Hilo linaonyesha kwamba penye nia mambo huenda. Mwaka 2021 ukazinduliwa mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa, ukianzia Nairobi. Natamani ufanye kazi kikamilifu huku haraka, kwa sababu mtu asiyekuwa na hakika ya ardhi yake hapandi mnazi, hachimbi kisima, wala benki haimkopeshi. Mzee wangu anaishi katika nyumba ya udongo ambayo angeweza kuijenga kwa matofali miaka mingi iliyopita. Anaogopa kujenga juu ya faili lililopotea.

Alhamisi

Mwenye ufunguo amerudi. Amefungua kabati, amegonga muhuri, na kazi hiyo haikuchukua muda hata wa kutuketisha. Tumetoka hapo hadi kituo cha kuandikisha watu. Zamu yetu ilipofika, stima imekatika. Mashine ya kupiga picha imezimika na sisi tumekaa kwenye benchi. Pana jenereta nyuma ya jengo. Tumeambiwa mafuta yake hayajaidhinishwa. Alasiri wametutawanya. Kinyozi aliye jirani na kituo naye ameketi nje na mashine zake mkononi, na mama muuza samaki ameuza bidhaa yake kwa bei ya hasara kabla haijaharibika.

Kenya si maskini wa umeme. Sehemu kubwa sana ya stima yetu hutokana na mvuke wa Olkaria, mito, upepo na jua, jambo ambalo mataifa tajiri yanalitamani. Mitambo 365 ya upepo ilisimamishwa karibu na Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310. Ilikuwa tayari mwaka 2017. Njia ya kusafirisha umeme wake, ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, haikuwa tayari hadi Septemba 2018, baada ya mkandarasi wa kwanza kutoka Uhispania kufilisika. Kwa kipindi chote hicho upepo ulivuma, mitambo ikasimama, na wananchi wakabebeshwa adhabu ya mabilioni ya shilingi iliyokuwa kwenye mkataba. Agosti 2023 giza lilitanda karibu nchi nzima kwa saa nyingi, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta.

Nimeyawaza hayo nikiwa kwenye benchi. Jenereta ipo, mafuta hayapo. Mitambo ipo, waya haupo. Muhuri upo, ufunguo haupo. Nchi yetu imejitahidi sana kununua vitu vikubwa. Inashindwa pale kitu kimoja kinapopaswa kukutana na kingine, kwa sababu hapo katikati hakuna mtu aliyepewa kazi hiyo kwa jina lake.

Ijumaa

Baada ya sala nimepita karakana ya shemeji yangu. Ni seremala. Alishinda zabuni ya kutengeneza madawati ya shule za chekechea za kaunti moja, akakopa kwenye sacco kununua mbao, akawaongeza vijana wa kazi, akayapeleka madawati yote kwa wakati. Watoto wanayakalia. Yeye hajalipwa. Leo nimemkuta akiuza randa ya umeme ili sacco isiichukue nyumba. Vijana aliowaajiri wamerudi vijiweni. Ameniambia kwamba zabuni nyingine ikitangazwa hataomba.

Tangu Katiba ya 2010 elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti, na ni jambo jema kwamba dawati la mtoto wa Kisauni halingoji tena sahihi ya Nairobi. Lakini ripoti za Msimamizi wa Bajeti zilionyesha mwaka 2024 kwamba kaunti zote 47 kwa pamoja zilikuwa na madeni yaliyozidi shilingi bilioni 150. Kaunti husema Hazina Kuu imechelewesha mgao. Hazina husema ushuru haukufikia lengo. Ushuru haufikii lengo kwa sababu watu kama shemeji yangu wamefunga karakana. Mswada wa kuzilazimisha ofisi za serikali kulipa waliozihudumia ndani ya siku 90 umefikishwa bungeni zaidi ya mara moja. Hadi leo seremala hana kinga hiyo. Huzungumzwa mengi kuhusu vijana wasio na kazi, na fedha nyingi hutengwa kwa mafunzo ya ujasiriamali. Mimi naona kwamba serikali ikilipa madeni yake kwa wakati, itakuwa imeajiri vijana wengi kuliko semina zote.

Jumamosi

Dada yangu aliye Doha, mamake mpwa wangu, ametuma fedha za chuo. Zimefika kwenye simu yangu kabla ya chai kupoa. Tumekwenda kwa wakala wa M-Pesa kuzitoa. Wakala hakuwa na floti ya kutosha. Hakutuambia turudi Jumatatu. Alimtuma kijana wake kwa wakala wa barabara ya pili, akatupa viti, na kijana akarudi na fedha. Wakala huyo anajua kwamba tukiondoka amepoteza ujira wake, na jina lake limeandikwa ukutani pamoja na nambari yake. M-Pesa ilianza hapa Kenya Machi 2007, na dunia ikaja kujifunza. Vituo vya Huduma vilivyoanzishwa mwaka 2013 navyo vimeonyesha kwamba mtumishi wa umma akiwekwa dirishani, na muda wa huduma ukabandikwa ukutani, mtu hupata cheti chake na kwenda zake. Kwa hiyo sikubali maneno ya wanaosema kwamba Mwafrika hawezi kazi ya mpango. Ni tusi, na si kweli.

Jioni barazani mazungumzo yamekuwa makali. Mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini amesema kikwazo cha nchi hii ni ukabila, na kwamba mengine yote ni matawi. Ametukumbusha mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, Wakenya zaidi ya 1,100 walipouawa na mamia ya maelfu wakahama makwao kwa sababu ya matokeo ya kura. Hakuna aliyembishia. Nimesema ninaloliamini: ukabila una shina lake, na shina ni ofisi isiyomhudumia kila mtu. Mwananchi akijua kwamba faili litatafutwa tu iwapo anamjua mtu ndani, atafanya kila awezalo ili aliye ndani awe mtu wake. Kila miaka mitano atapiga kura kwa hofu ya kufungiwa nje. Viongozi wanaijua hofu hiyo na wanaila. Ofisi zikimhudumia Mdigo, Mkikuyu, Mjaluo, Msomali na Mturkana kwa foleni moja na siku zile zile, hofu itapungua nguvu, na watu watapata nafasi ya kuwachagua viongozi kwa kazi yao. Mzee wa bandarini amefikiri, akasema, "Basi tuanze na foleni." Nimefurahi kumsikia.

Jumapili

Mtoto wa jirani ameanguka mtaroni na kuteguka mkono. Mtaro huo ulichimbwa kabla ya mvua za masika, ukaachwa wazi. Ubao wa mradi ungali umesimama. Una nembo na jina la mradi. Sehemu ya gharama na tarehe ya kumaliza haikujazwa. Kina mama wameufunika mtaro kwa mbao na mawe. Baba wa mtoto hajui amshtaki nani.

Januari 2021 Rais Uhuru Kenyatta alisema redioni kwamba takriban shilingi bilioni mbili za serikali huibwa kila siku. Kauli hiyo ilitoka kinywani mwa mkuu wa nchi mwenyewe, na siku ya pili maisha yaliendelea. Tuliwahi kuona matumaini: Julai 2019 Waziri wa Fedha wa wakati huo alikamatwa na kushtakiwa pamoja na wengine kuhusu mabwawa ya Arror na Kimwarer, miradi ya mabilioni. Septemba mwaka huo bwawa la Kimwarer likafutwa. Desemba 2023 mahakama iliwaachilia washtakiwa, na hakimu akawalaumu waendesha mashtaka kwa namna walivyoishughulikia kesi. Wakulima wa Elgeyo Marakwet hawakupata maji, walipa kodi hawakupata maelezo, na hakuna aliyepatikana na hatia.

Wizi mkubwa huanzia kwenye kitu kidogo, kama sehemu isiyojazwa ya ubao wa mradi. Mahali ambapo gharama haiandikwi, hakuna anayeweza kuidai. Sheria haikosekani. Sura ya Sita ya Katiba inazungumzia maadili ya viongozi, tume ya kupambana na ufisadi ipo, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa ripoti kila mwaka, zilizoandikwa kwa ujasiri na kusomwa na wachache. Juni 2024 vijana waliujua Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, wakajaa barabarani. Rais akakataa kuutia sahihi. Baadhi yao hawakurudi nyumbani. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo zaidi ya 50 katika maandamano ya msimu ule. Hao hawakufa kwa ajili ya maneno makubwa. Walikuwa wamesoma karatasi na kuuliza fedha zinakwenda wapi. Sisi wazee tuna deni kwao la kusoma na kuuliza pia.

Jumatatu

Nimehudhuria kikao cha kushirikisha umma kuhusu bajeti. Tangazo lilisema saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi amefika adhuhuri ikikaribia, na wengi waliokuwa na biashara walikuwa wamekwisha kuondoka. Kitabu cha bajeti kimegawiwa pale pale mlangoni, kinene, kwa Kiingereza kitupu, nakala moja kwa watu watatu. Mama wa mahamri aliyeketi kando yangu amekigeuza kurasa, akaniomba nimwonyeshe palipoandikwa maji ya Kisauni. Nimetafuta hadi kikao kikafungwa. Tumeambiwa tutie sahihi kwenye daftari la mahudhurio, na daftari hilo ndilo litakalokuwa ushahidi kwamba umma umeshirikishwa.

Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa watu miongoni mwa maadili ya taifa, na cha 201 kinataka uwazi katika fedha za umma. Mama huyu analipa kodi kwenye mafuta, sukari na muda wa maongezi wa simu. Ana haki ya kujua fedha zake zinakwenda wapi kwa lugha anayoisema tangu utotoni. Bajeti ya Kiswahili ya kurasa chache, iliyobandikwa sokoni wiki mbili kabla ya kikao, si gharama ya kuishinda kaunti yoyote. Kabla ya kikao kufungwa nilisimama na kulisema hilo. Limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Jumanne

Leo nimekaa nyumbani kuandika barua. Moja inauliza ni nani anayeshika zamu ya muhuri mwenye ufunguo anapokuwa hayupo, na kitambulisho cha mpwa wangu kitakuwa tayari tarehe gani, kwa sababu picha na alama za vidole bado hazijachukuliwa. Nyingine inauliza ni afisa gani alipewa kazi ya kutafuta faili la mzee. Ya tatu inauliza gharama ya mtaro, jina la mkandarasi na tarehe ya kumaliza. Ya nne ni ya bomba, ambalo hadi asubuhi hii lingali likimwaga maji.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika siku hizi nimeyaona matumbo yenyewe: la mjane aliyepika nusu ya mahamri, la seremala aliyeuza randa, la mzee asiyethubutu kujenga, la mpwa wangu ambaye huenda chuo kikamfungia mlango. Muda wa mwananchi haumo katika hesabu yoyote ya serikali, na kwa sababu haumo, hupotezwa bila mtu kuulizwa. Nchi hii ina Katiba inayosifiwa, vijana wenye akili, bandari, upepo, mvuke na udongo. Kikwazo chake kikubwa ni kazi ya umma isiyo na jina la mtu wala tarehe ya kumalizika. Rushwa hujificha hapo, uzembe hujificha hapo, na ukabila huota hapo.

Nakuomba wewe unayesoma usiishie kwenye kulalamika. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kutendewa na ofisi ya umma kwa haraka na kwa haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wake unapokudhuru. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuandika ombi lako kwa Kiswahili, inakataza kutozwa ada ya kuwasilisha ombi, na inaitaka ofisi ikupe uamuzi ndani ya siku 21. Ikikunyima, una siku 30 za kuomba Tume ya Haki ya Utawala iupitie uamuzi huo. Andika tarehe, andika jina la ofisi, uliza jina la mwenye kazi, na baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mwandikie na jirani yako asiyejua kuandika. Barua moja inaweza kupotea; barua za mtaa mzima, zenye swali moja, zitapata mtu wa kuzijibu.